Kiti cha Pembeni ya Kamera

Jumatatu, 3 Machi

Wanawake arobaini na mmoja leo, na wote wamelia. Nani aliwaambia kwamba mama lazima alie? Tukio lenyewe ni fupi. Mama anafungua mlango, anamkuta mwanawe aliyepotea miaka tisa bila hata salamu. Mwana anaomba radhi kwa maneno mengi, mama anasikiliza, halafu anamuuliza neno moja tu: "Umekula?" Basi. Wa kwanza aliligeuza neno hilo kuwa matanga. Wa kumi na mbili alijitupa sakafuni nikalazimika kusogeza kiti. Wa thelathini na kitu alinikaba shingo, mimi msomaji, akidhani anakumbatia.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Mwaka wa kumi na nane sasa natafuta waigizaji wa tamthilia, nawaita, na wakija kujaribiwa nakaa kwenye kiti cha mbao pembeni ya kamera nikiwasomea maneno ya mhusika mwenzao. Sionekani. Kiti hiki kina kanuni moja, na wasomaji wanne waliopita hapa nimewafundisha mimi: soma kikavu, kama unasoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Hukuitwa wewe. Anayetafutwa ni yule aliye mbele ya kamera.

Nimemwambia dada yangu kwamba nikisikia mtu analia tena wiki hii nitampiga na muswada. Dada ana goti bovu, kwa hiyo hutazama kila kitu kinachopita kwenye televisheni, na hana huruma. "Mtachagua mbovu tu," alisema, "kama kawaida yenu."

Jumanne, 4 Machi

Tumempata, na miaka yote sita alikuwa humu humu.

Ni fundi wetu wa mavazi. Hukaa nyuma ya ubao uliogawa ukumbi, na cherehani yake, pini mdomoni, na anapokuhitaji hakuiti, anakuja kukuvuta mkono wa shati. Mchana mafundi umeme walikuwa wanakula, naye anawasimulia jinsi wifi yake alivyoletewa habari kwamba mumewe ameoa kwingine. Hakupaza sauti wala hakusimama. Aliwaonyesha tu jinsi wifi alivyoendelea kumenya kitunguu kilekile mpaka kikaisha mkononi. Wanaume watatu waliacha kutafuna.

Nilimburuta mbele ya kamera na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mimi sijui kuigiza," alisema.

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Wanaojua nimeshawaona jana."

Akasimama, kitambaa cha pazia mkononi, nami nikaanza kumsomea maneno ya mwana. Sijui kilichonipata. Alikuwa ananiangalia kama kweli nimepotea miaka tisa, na kufika sentensi ya tatu sauti yangu ikaanza kutetemeka. Kufika katikati nalia. Mimi, chupa ya dawa! Nilimaliza kwa kwikwi, nikapiga na magoti. Ndipo akauliza, taratibu sana, "Umekula?" Akaanza kukunja kile kitambaa.

Nikamwambia, "Nafasi hii ni yako." Sina mamlaka ya kusema hivyo, na nimesema. Alicheka, akajifuta mikono kwenye gauni, akaniuliza mara mbili kama sitanii. Rekodi nimemtumia mtayarishaji bila hata kuifungua. Ya nini? Nilikuwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Studio yetu ilikuwa ghala na paa lake ni bati tupu, kwa hiyo ikinyesha hakuna sauti inayorekodika. Tumekaa saa tatu tukitazama dari.

Jumanne, 11 Machi

Wamempa Kioo.

Nimembatiza mimi jina hilo, kwa sababu hakuna kioo anachokipita bila kukisalimu. Ana miaka thelathini na minne. Anatangaza sabuni, mafuta ya nywele na magodoro, na wafuasi wake kwenye simu wangejaza nchi. Atacheza mama wa mtu mwenye miaka thelathini. Watamvalisha wigi la mvi. Wigi! Watanunua mvi dukani, na aliyeziotesha mwenyewe yuko nyuma ya ubao anatia vifungo.

Nilimwingilia mtayarishaji ofisini kwake bila kubisha hodi. Alikuwa anakula ndizi.

"Kaa kwanza," akasema.

"Sikai. Umemwona Fundi?"

"Wakubwa wa kituo wameziona rekodi zote mbili, yake na ya huyu. Sasa, kwenye ile rekodi yako—"

"Usiniambie habari za rekodi. Niambie habari za magodoro. Waliangalia mtu, au waliangalia wafuasi?"

"Wafuasi pia waliwaangalia, sikufichi. Lakini nisikilize—"

Sikumsikiliza. Nilimpa vidonge vyake, vyote, na vingine ambavyo nilikuwa nimemwekea tangu msimu wa juzi. Nilimwambia hajui kutofautisha mtu na kivuli cha mtu. Nilimwambia anaweza kumchukua Kioo, wigi na mkungu wa ndizi, akawaweka kwenye fremu moja. Nilipobamiza mlango kitasa kilibaki mkononi mwangu, nikaondoka nacho. Kiko hapa mezani.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kumwambia Fundi nikiwa nimeandaa maneno. Alishajua. Alikuwa anakata khanga ya mama wa tamthilia.

"Kiuno chake kidogo sana," alisema. "Itabidi nimwekee mto, mama hawezi kuwa na kiuno hiki."

"Haikuumi?"

Akatoa pini mdomoni, akaiangalia, akairudisha. Nimeandika hapa kwamba imemuuma, na kwamba kama yeye hawezi kukasirika nitakasirika kwa niaba yake.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Tumesimama.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kioo anajipiga picha na wigi.

Jumatano, 2 Aprili

Sehemu ya kwanza imerushwa leo jioni. Dada alinyoosha goti lake kwenye stuli, akatazama dakika kumi na mbili, akalala. Aliamka kwenye tangazo la magodoro, akadhani tamthilia bado inaendelea kwa kuwa mtu ni yuleyule.

Nilitazama peke yangu mpaka mwisho. Mlango unafunguka, Kioo anashika kifua, anayumba, machozi mawili yanateremka, moja kila shavu. "Umekula?" anasema, kama mhudumu wa hoteli. Nilizima televisheni kwa ngumi.

Jumatano, 9 Aprili

Magazeti yanacheka. "Mama wa plastiki." Ningefurahi, lakini wote tunakula kwenye sahani hiyo. Wakubwa wa kituo wametoa onyo: kama hali ni hii mpaka sehemu ya sita, tamthilia itakatwa. Mtayarishaji amekonda. Nilipishana naye kwenye korido, akaanza, "Siku moja nataka tukae, ile rekodi yako," nikamwambia nina kazi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekasirika, na mwandiko wenyewe unaonyesha.

Mvua ilitusimamisha saa nne asubuhi. Wengine wakaenda kunywa chai. Nilikwenda nyuma ya ubao kuomba sindano, nikasikia sauti ya Fundi, nikasimama.

"Usinionyeshe uchungu," alikuwa anasema. "Uchungu nishauona. Wewe shika hilo sufuria tu, lioshe."

Nikachungulia. Kioo amesimama na khanga imebanwa pini ubavuni, sufuria mkononi, wigi kaweka kwenye cherehani. Fundi akachukua sufuria, akamwonyesha. Sijui niiandikeje. Aliosha sufuria ambalo halikuwa na uchafu wala maji, na nikajua kwamba mtoto wa huyu mama ameondoka tena. Kioo akarudia. Fundi akamwambia, "Polepole. Mabega yako yanajua kabla yako." Kioo akarudia tena, na tena, mpaka mabega yakashuka kama ya Fundi, na kidole kikakaa kama cha Fundi.

Wanamwibia. Hawakutosheka kumnyima nafasi, sasa wanamkamua. Niliingia nikamwambia Kioo mbele yake kwamba kama anataka kuwa mtu mwingine aende akanunue dukani, kama alivyonunua mvi.

Kioo hakununa kama nilivyotarajia. "Nimemwomba mimi, dada," alisema. "Ulitaka nifanyeje? Niendelee kuwa mbovu?"

"Ulitakiwa usikubali nafasi ya mtu."

"Sikujua ni ya mtu. Hakuna aliyeniambia."

Nikamgeukia Fundi aniunge mkono. Alikuwa anaokota pini sakafuni. Alisema, "Mvua inakatika. Mwacheni huyu nimshonee."

Jumatano, 16 Aprili

Walirekodi tukio la sufuria. Mara moja tu, na mwongozaji hakudai marudio.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Wako nyuma ya ubao. Sikwenda.

Alhamisi, 8 Mei

Sehemu ya sita ilirushwa jana. Dada hakulala. Kwenye tukio la sufuria alisogeza goti, akainama mbele, akaguna. Mwishoni alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Huyu binti kumbe anajua," alisema.

"Hajui. Ile ni kazi ya Fundi. Kila kidole unachokiona ni cha Fundi."

"Sawa, mdogo wangu. Lakini sura ninayoiona ni ya huyu."

Nililala bila kula. Nchi nzima inamsifu Kioo kwa jambo ambalo mtu mwingine analifanya nyuma ya ubao na pini mdomoni. Tamthilia haitakatwa, leo wakubwa wameleta keki, na Kioo amekatiwa kipande cha kwanza. Fundi alikula kipande chake akiwa amesimama, akarudi kwenye cherehani. Nilimwambia, "Hiyo keki ni yako nzima." Akasema ni tamu. Nami nilimwambia mtayarishaji mbele ya watu kwamba ana macho ya kuchorwa.

Jumatatu, 19 Mei

Leo sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mkutano wa wote, watu wamekaa juu ya masanduku ya taa. Mtayarishaji anagawa ratiba ya sehemu tatu za mwisho. Kioo akasimama. Nilijua anadai chumba kikubwa zaidi cha kubadilishia nguo.

"Nimezungumza na mwandishi," alisema. "Mama ana dada yake mkubwa. Anakuja sehemu ya kumi, anakaa mpaka mwisho, na matukio mazito ni yake. Nataka acheze Fundi. Kila mnachokisifu mmekiona kwangu, mimi nimekiona kwake. Nimechoka kuvaa mwili wa mtu. Kama hapana, tafuteni mwingine wa kuvaa wigi."

Fundi alikuwa mlangoni na lundo la nguo, akabaki amelikumbatia hivyohivyo.

Miezi miwili na nusu nimemtukana yule binti kwenye daftari hili, na yeye kafanya kwa pumzi moja nilichoshindwa kukifanya kwa kelele zangu zote. Sifuti niliyoyaandika. Yakae, nione.

Mtayarishaji alikubali papo hapo. Akasema wakubwa watataka rekodi ya majaribio, ndiyo taratibu, afanye lile tukio la mlangoni. Kisha akanielekezea kalamu. "Ila safari hii asisome huyu."

Nilimfuata mpaka ofisini. Mlango bado hauna kitasa, anaufunga kwa kamba.

"Miaka kumi na minane," nikamwambia, "leo ndiyo unaniondoa kwenye kiti changu? Kwa sababu nilikwambia ukweli?"

Alifungua mtoto wa meza, akatoa kadi ya kumbukumbu, akaniwekea kiganjani.

"Nilijaribu kukwambia mara mbili, ukanikatiza mara mbili. Kaisikilize."

Jumanne, 20 Mei

Niliisikiliza kwenye stoo ya nyaya, saa tano asubuhi, spika za masikioni kichwani, mvua ikipiga juu.

Picha inaanza. Fundi amesimama na futi yake shingoni. Halafu sauti inaingia, na sauti hiyo ni yangu. Kipaza sauti kilikuwa karibu nami kuliko yeye. Mwanzo nasoma vizuri. Sentensi ya tatu nazamisha sauti, kama waigizaji wa redioni. Ya tano navuta pumzi, ile pumzi ya makusudi ninayowakataza wengine. Kisha kilio. Kilio changu kimejaa rekodi nzima, kinapanda, kinashuka, kinapumzika ili kipande tena. Ninapopiga magoti bega langu linaingia kwenye picha, kisha kisogo changu, kinafunika nusu ya uso wake. Na neno lake lile moja, neno tulilolitafuta kwa wanawake arobaini na mmoja, halisikiki. Nimelifunika kwa kwikwi. Unaona tu midomo ikicheza.

Nimerudia mara nne. Mara ya nne nimezima sauti nikamtazama yeye tu, hapo pembeni ya kisogo changu. Jicho moja linaonekana. Ananisikiliza. Anasikiliza kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona kwenye kamera. Na unaona kabisa mahali anapoacha kumsikiliza mwanawe na kuanza kunisikiliza mimi. Ananipisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipokuja kujaribiwa hapa. Waliniambia subiri, msomaji wetu anaumwa, wasomee wenzako leo tu. Nikasoma. Sikuitwa tena mbele ya kamera, nami sikuomba, nikajiambia kiti hiki kinanitosha. Kumbe hakikunitosha hata siku moja. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja mwema wa kutosha aniangalie kama yule, ili nimvamie.

Nilirudi kwa mtayarishaji. Nilitaka aseme kwamba wangemchukua Kioo kwa vyovyote, ili nibaki na hasira yangu.

"Pengine wangemchukua," alisema. "Sijui. Hukutupa nafasi ya kujua."

Nimemrudishia kitasa chake.

Jumatano, 21 Mei

Nilimwambia Fundi. Sikuandaa maneno. Nilisema: rekodi ile niliiharibu mimi, sikuitazama, nikawatukana watu wote badala ya kuitazama.

Alizima cherehani. Sijawahi kumwona akiizima mchana.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilikuwa pale. Ulikuwa unalia vizuri. Nikasema moyoni, huyu ana hamu kuliko mimi, ngoja nimwachie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia saa ngapi?" Alitoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye mto wake. "Miezi mitatu unakuja hapa na hasira. Unanikasirikia niliposhona, unanikasirikia nilipomfundisha yule binti, unanikasirikia nilipokula keki. Unagombana na kila mtu kwa jina langu. Hata siku moja hujaniuliza mimi nataka nini."

Nikamuuliza.

"Naitaka hiyo nafasi," alisema. "Niliitaka toka siku ile uliponiambia ni yangu. Nilimwambia mume wangu. Niliwaambia wanangu. Wewe ndiye uliyenipa, wewe ndiye uliyeninyang'anya, halafu umekuja kunililia tena. Nimekasirika, na usinipokonye na hii."

Niliondoka. Nyuma yangu cherehani haikuwaka kwa muda mrefu.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Dada ameniuliza nina nini, nikamwambia ni meno.

Jumanne, 3 Juni

Saa mbili asubuhi nilikuta kiti changu kimekaliwa na Kioo, muswada mkononi, amejitolea kusoma. Hana wigi wala rangi usoni. Fundi alifika, akamwangalia Kioo, kisha mimi niliyekuwa nimesimama karibu na nyaya, nikijifanya hamnazo.

"Nataka asome yule," alisema.

Mtayarishaji akafungua mdomo.

"Yule," Fundi akarudia. "Namdai salamu za mwanangu."

Kioo akanipisha kiti. Nilisogeza kipaza sauti mwenyewe, nikakipeleka upande wa Fundi, mbali nami. Nilirudisha kiti nyuma hatua mbili. Nikaanza kusoma.

Nilisoma kama chupa ya dawa. Vidonge viwili kutwa mara tatu. Mama, nimerudi, najua sistahili. Tikisa kabla ya kutumia. Alikuwa ananiangalia vilevile kama siku ile, hakupunguza chochote, na kwenye sentensi ya tatu nikaitamani ile pumzi ya makusudi. Nikakanyaga kidole changu cha mguu kwa kisigino cha kiatu. Nikaendelea, kikavu.

Katikati ya maneno mvua ikaanguka juu ya bati, nzito, yote kwa pamoja. Kanuni ya hapa ni kwamba ikinyesha tunasimama. Nilimtazama mpiga picha nikingojea azime. Hakuzima. Nami nikaendelea kusoma ingawa sikuwa najisikia mwenyewe, sauti yangu ilizimwa yote, na Fundi aliendelea kusikiliza. Ndicho kilichobaki kwenye rekodi: bati linalia, na mwanamke anasikiliza mlangoni. Unaona miaka tisa inavyopita usoni mwake, mmoja baada ya mwingine, naye hauzuii hata mmoja. Nilipofika mwisho alisubiri. Akapiga hatua moja kwenda kwenye kipaza sauti, akaniangalia machoni, akaniuliza kama nimekula.

Nimeitazama mara mbili kabla ya kuituma.

Alhamisi, 5 Juni

Jua. Mtayarishaji hayupo, yuko na wakubwa wa kituo. Jibu lake limeingia kwenye simu yangu saa sita mchana, sentensi moja: "Sasa nguo atashona nani?"

Nilikwenda nyuma ya ubao. Alikuwa ameinamia cherehani, hajanisemesha toka juzi. Nilimwekea simu juu ya kitambaa, mbele ya sindano, ili asome mwenyewe. Sikumsomea.